Mwenye duka moja anahitaji wakili wa nini? Tujadili kwa mifano ya fremu, ubia, wafanyakazi na mikopo

Mhasibu wa Mtaani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Niseme mapema: mimi si wakili na sina wakili ninayemtafutia wateja. Kazi yangu ni kufunga hesabu za watu wenye maduka, saluni, karakana za aluminiamu na migahawa hapa Dar, wengi wao Kariakoo na Tandika. Ukikaa na madaftari ya mtu unaona hela yake imepotelea wapi, na nimechoka kukuta mamilioni yamepotea kwa sababu ya karatasi ambayo mtu aliisaini akiwa amesimama mlangoni, dalali anamharakisha, "saini boss, kuna mwingine anakuja saa nane".

Wengi wetu tunawajua mawakili wa aina mbili tu: yule wa kesi kubwa kwenye taarifa ya habari, na yule wa kugonga muhuri kwenye kiapo cha kupotelewa na cheti. Ndiyo maana ukimwambia mwenye duka "tafuta wakili" anakujibu "kwani nimeshtakiwa?" Ninachotaka kusema hapa ni kwamba mfanyabiashara mdogo hana haja ya wakili wa kumlipa kila mwezi. Ana haja ya kumlipa kwa saa moja au mbili katika nyakati chache zinazojulikana, na zote ni kabla ya kusaini. Ukishasaini, gharama ya wakili huyo huyo inapanda na nguvu yake ya kukusaidia inashuka.

Nianze na fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, maana ndiko kunakovuja zaidi.

Mteja wangu mmoja, muuza mikoba, alipata fremu jirani na Mtaa wa Kongo. Akampa kilemba (hela ya kumpisha) mpangaji anayetoka, akampa pango la mwaka kijana wa mwenye nyumba. Mkataba ulikuwa ule wa kurasa mbili wa steshenari, wenye nukta nukta za kujazia majina. Niliusoma wote. Kilemba hakimo hata kwa neno moja. Kuna kipengele kinachomruhusu mwenye nyumba kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, ila hakuna kinachosema pango lililolipwa mbele litarudishwaje. Kwenye nafasi ya mwenye nyumba kasaini yule kijana, shahidi ni dalali. Hazijapita siku nyingi wakajitokeza shangazi zake: nyumba ni ya marehemu babu yao, mirathi haijafunguliwa, na huyo kijana hana mamlaka ya kupangisha hata banda la kuku.

Mpangaji wa zamani alishahamia mkoani na kilemba chake. Kijana hela kashaila. Muuza mikoba akabaki anabembeleza familia ambayo haina deni naye kwa maandishi.

Wakili angefanya nini pale? Si miujiza. Angeomba nakala ya hati na kwenda kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kuona jina lililoandikwa. Akikuta ni la marehemu, angedai fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, ile inayoonyesha nani kateuliwa msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye angesaini. Kilemba angekiandikia karatasi yake: nani kapokea, kwa ajili ya nini, na kinarudi lini kama mpangaji mpya atatolewa kabla ya muda fulani. Kipengele cha kuvunja mkataba angekikwangua au angekiwekea masharti.

Kuna na suala la TRA ambalo madalali hawalisemi kabisa. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, halafu mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Tuseme pango ni milioni 1 kwa mwezi. Kwa mwaka milioni 12, zuio ni 1,200,000 na stempu ni 120,000. Mwenye nyumba anakwambia "mimi nataka milioni 12 yangu kamili mkononi, mambo ya TRA utajua mwenyewe". Ukikubali kwa mdomo, maana yake pango lako halisi ni 13,333,333 na zuio ni 1,333,333, inatoka mfukoni mwako. Mstari mmoja kwenye mkataba, "pango hili linajumuisha kodi ya zuio", unatosha kumaliza ubishi. Na mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka uilipie pamoja na adhabu yake, kwa hiyo siku unauhitaji ndiyo siku haukusaidii.

Nimeandika sana, nipumue. Walio na uzoefu wa ubia, wafanyakazi na mikopo waje.

Mzee wa Vifaranga

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umesahau upande wa pili. Mawakili nao ni walewale. Mimi nilimlipa mmoja laki nane anifungulie kampuni. Kampuni ikasajiliwa kweli, nikapewa cheti, nikakiweka kwenye fremu ukutani. Siku naenda benki kuomba mkopo, ofisa anasoma katiba ya kampuni ananiuliza, "Mzee, wewe unachimba madini wapi?" Katiba nzima inaongelea dhahabu na vito. Jamaa alichukua ya mteja mwingine akabadilisha jina. Mimi nauza vifaranga!

Baada ya hapo simu hapokei. Sasa mnatuambia twende tena?

Kijana wa Msimbazi

😂😂😂 Mzee umenifanya nicheke kwenye daladala. Ila pole.

Mhasibu wa Mtaani

Pole sana mzee wangu. Hoja yako ni ya kweli na siipingi. Nina maswali mawili tu. Alikupa risiti? Na una hakika alikuwa wakili?

Mjini kuna vishoka wengi wanaojiita mawakili kwa sababu wana suti na muhuri wa kuchonga. Wakili halali yumo kwenye orodha ya Mahakama na anatakiwa kuhuisha leseni yake kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, unaandika jina lake unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi au amesimamishwa. Haichukui hata dakika tano. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Jambo jingine, na hapa najua nitawaudhi baadhi: hukuwa na haja ya kampuni, mzee. Mtu mmoja, banda moja, jina la biashara linatosha, na hilo unalisajili mwenyewe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukiwa na namba ya NIDA. Kampuni ina mzigo wake. Kila mwaka inadaiwa ritani (taarifa ya mwaka) BRELA hata kama haikuuza kitu, inadaiwa taarifa za wamiliki manufaa (watu halisi wanaofaidika nayo), na hesabu zake za TRA lazima zipite kwa mhasibu mwenye CPA. Nina wateja waliofungua kampuni kwa ajili ya sifa, sasa adhabu za ritani zinawasumbua usingizini. Wakili mzuri angekuuliza kwanza unataka kampuni ya nini.

Wakili wa Dodoma

Salaam. Mimi ni wakili, nitachangia bila kutangaza ofisi.

Mzee wa Vifaranga, katiba ya kampuni inarekebishika, usiivunje kampuni kwa hasira. Linahitajika azimio la wanahisa, halafu mabadiliko yanawasilishwa BRELA. Kuhusu huyo bwana, kama kweli ni wakili, kuna Kamati ya Mawakili inayosikiliza malalamiko ya wateja na ina uwezo wa kumsimamisha au kumfuta. Kama si wakili, hilo ni kosa la jinai, nenda polisi.

Nakubaliana na mleta uzi kuhusu kulipia kwa kazi. Wafanyabiashara wadogo wengi wanaogopa kuuliza bei. Waulize. Mwambie wakili "nataka unisomee huu mkataba na uniandikie marekebisho, utanichaji kiasi gani kwa kazi hiyo tu?" Mkikubaliana, mwandikishiane na upewe risiti. Anayekataa kuandika bei yake mwenyewe atakuandikiaje mkataba wako?

Mama Vitenge

Asanteni wanangu kwa elimu. Mimi nina duka la vitenge na wifi yangu, tuna mwaka wa tatu. Mtaji mkubwa nilitoa mimi, yeye anasimamia duka kutwa kucha. Hatujaandikiana kitu chochote, ni ndugu. Sasa wifi anaanza kusema duka ni letu nusu kwa nusu. Na mume wangu, ambaye ni kaka yake, ananiambia nisilete mambo ya wakili, nitavunja undugu. Mnanishauri nini?

Wakili wa Dodoma

Mama shikamoo. Nisikupe matumaini ya uongo. Sheria ya Mikataba inasema wabia wasipokubaliana vingine, faida wanagawana sawa na hasara wanagawana sawa. Haiangalii nani alitoa mtaji mkubwa. Kwa hiyo anachokisema wifi yako hakiko mbali na sheria, isipokuwa kama una ushahidi kwamba mlikubaliana tofauti: meseji, namna mlivyokuwa mnagawana faida miaka yote mitatu, miamala ya benki. Na kitu kingine watu hawakijui: kwenye ubia usio wa kampuni, deni alilochukua mwenzako kwa ajili ya duka linakufikia na wewe hadi mali yako binafsi.

Nakushauri mwandikiane sasa, wakati bado mnakaa meza moja na kunywa chai pamoja. Mkataba wa ubia kwa duka kama lako unaweza kuwa kurasa nne: nani katoa nini, mshahara wa anayekaa dukani (maana kazi yake nayo ina thamani, mama, usiidharau), faida inagawanywaje, nani anasaini benki, mmoja akitaka kutoka au akifariki inakuwaje, mzigo uliopo unathaminiwaje. Usitumie wakili wa upande wako peke yako ukamfanyia wifi ghafla. Nendeni pamoja, au kila mmoja awe na wake, vinginevyo atahisi umemzunguka.

Mama Vitenge

Marahaba mwanangu. Hilo la mshahara wake sikuwahi kulifikiria. Nitaongea naye Jumapili akija.

Mkaanga Chips

Mie swali langu la wafanyakazi. Nina vijana wanne kwenye kibanda changu cha chips, Sinza. Mmoja nilimkamata anauza mayai yangu kwa jirani. Nilimtumia meseji WhatsApp, "kesho usije, na hela yako ya siku kumi sahau". Wiki tatu baadaye naletewa barua ya wito kutoka CMA. Mwizi ni yeye, anayeitwa ni mimi. Hii nchi ya wapi?

Wakili wa Dodoma

Ya kwetu hii hii. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndiyo hiyo CMA, haikuiti kwa sababu kijana ni msafi. Inakuita kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe vitu viwili: kwamba alikuwa na sababu halali ya kumwachisha, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Sababu unaweza kuwa nayo. Utaratibu huna, na meseji yako ya WhatsApp ndiyo itakuwa kielelezo chake cha kwanza. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji zinapokelewa kama ushahidi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unampa barua ya tuhuma ajieleze. Unamwita kwenye kikao cha nidhamu, ukimpa walau saa 48 ajiandae na aje na mwenzake akitaka. Mnaandika kilichosemwa. Ndipo unatoa uamuzi kwa barua. Kisha unamlipa stahili zake: siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na hati ya utumishi. Zile siku kumi ulizomwambia asahau ni haki yake hata kama ameiba trei nzima. Za mayai unamdai kwa njia yake.

Amefanya kazi kwako muda gani?

Mkaanga Chips

Miezi minne na kitu hivi.

Wakili wa Dodoma

Basi una bahati. Sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo haki haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Mlipe siku zake kumi na stahili nyingine, uwe na risiti aliyosaini, na uende CMA siku uliyoitwa. Narudia, uende. Waajiri wadogo wengi wanapuuza ule wito wakidhani ni vitisho, shauri linasikilizwa bila wao, tuzo (uamuzi wa CMA) inatolewa, halafu wanakuja ofisini kwetu dalali wa mahakama akiwa tayari ameshaorodhesha friji na majiko. Huko ndiko gharama inakuwa kubwa.

Unahitaji pia kipande cha maandishi kwa wale watatu waliobaki. Jina, kazi, siku ya kuanza, mshahara, saa za kazi. Kama hakuna maandishi na mkabishana, wewe mwajiri ndiye unayetakiwa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi.

Mhasibu wa Mtaani

Nikazie kidogo kwa jicho la hesabu. Fidia ya CMA inahesabiwa kwa miezi ya mshahara, haihesabiwi kwa siku. Ukiwa na kijana wa laki mbili na nusu kwa mwezi, aliyekaa miaka miwili, ukamwondoa kwa meseji, piga mwenyewe hesabu uone kama bei ya kuandikiwa mkataba wa ajira na fomu za nidhamu, ambazo utazitumia kwa kila mfanyakazi hata miaka kumi, ni kubwa au ndogo.

Dada Tozo

Mimi nataka tuongelee kausha damu, ile mikopo ya mtaani inayoumiza. Wanawake sokoni kwetu wanaumizwa vibaya. Unakopa milioni mbili, wanakuletea karatasi nyingi, mojawapo imeandikwa juu MKATABA WA MAUZIANO. Ukiuliza wanakwambia "hiyo ni fomaliti tu, dhamana". Kumbe umeuza kiwanja chako kwa milioni mbili, umesaini, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri. Ukichelewa rejesho moja wanakuja na fundi kubadilisha kitasa.

Nyingine wanasainisha fomu tupu, kiasi wanajaza wenyewe baadaye.

Wakili wa Dodoma

Dada, hapa umegusa kidonda. Wanafanya hivyo makusudi, kwa sababu sheria ya rehani ina masharti mengi ya kumlinda mkopaji, kama kumpa notisi kabla ya kuuza. Mkataba wa mauziano unaruka yote hayo. Mahakamani unaweza kuthibitisha kwamba ule mkataba ulikuwa mkopo uliofichwa, hasa ukiwa na rekodi ya marejesho uliyokuwa unalipa kwa simu, maana muuza kiwanja halipi marejesho. Lakini ni vita ndefu.

Mambo ya kukagua kabla ya kusaini mkopo wowote wa biashara: je, mkopeshaji ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018? Riba na tozo zimeandikwa kwa tarakimu? Kama dhamana ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza, bila hiyo rehani si halali. Na kwa wenye kampuni: benki ikikutaka usaini wewe binafsi kama mdhamini wa mkopo wa kampuni, ujue ule ukuta kati ya mali ya kampuni na mali yako umeubomoa mwenyewe. Wakati mwingine hakuna namna, utasaini. Ila usaini unajua, na uombe udhamini wako uwe na kikomo cha kiasi.

Mwana wa Kongowea

Hodi wenyeji. Mimi niko huku Mombasa, ninauza nguo soko la Kongowea na nina duka dogo mjini. Nimeona mnavyoumia na mambo ya fremu, nikasema niwaambie ya kwetu kidogo.

Kenya kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura 301. Ukipanga duka bila mkataba wa maandishi, au wa maandishi usiozidi miaka mitano, unakuwa mpangaji unayelindwa. Mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi (huku kwetu ndilo pango) ghafla, lazima akupe notisi ya miezi miwili kwa fomu yake maalumu, na ukiipinga mnakwenda kwenye baraza la kodi za maduka. Lakini ulinzi huo wapo wanaoupoteza kwa kusaini bila kusoma. Mwenye jengo mjanja anakuandalia mkataba wa miaka mitano na mwezi mmoja. Unafurahi umepewa muda mrefu. Kumbe huo mwezi mmoja umekutoa nje ya ulinzi. Mimi wakili wangu aliuona mara moja, akasema tuombe ama ufupishwe ama tuandike masharti ya kupandisha kodi humo humo ndani.

Madeni madogo nayo, tuna Mahakama ya Madai Madogo, hadi shilingi milioni moja ya Kenya, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huko unaenda mwenyewe bila wakili na unazungumza Kiswahili chako. Kwa hiyo si kila kitu ni wakili, namuunga mkono mwenye uzi.

Pilipili ya Chupa

Shukrani mwenye uzi. Nipo Tanga, natengeneza pilipili na achari ya embe, nina lebo yangu na jina limeshazoeleka hadi Unguja, mzigo unapanda boti kila wiki. Jina la biashara nimesajili BRELA. Majuzi nimeona chupa dukani, lebo karibu sawa na yangu, jina limebadilishwa herufi moja. Nikimshtaki nitashinda si ndiyo?

Wakili wa Dodoma

Usikimbilie kushtaki kwanza. Jina la biashara linaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo, halikupi umiliki wa lebo sokoni. Kinachokupa haki hiyo ni alama ya biashara, ambayo nayo inasajiliwa BRELA lakini kwa ombi tofauti na kwa daraja la bidhaa husika. Ukisajiliwa unalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Bila usajili bado unaweza kumdai anayejifanya wewe, ila lazima uthibitishe kwa ushahidi kwamba wateja walikujua wewe kwanza na kwamba wanachanganywa. Ni kazi ndefu na ya gharama.

Wasiwasi wangu mkubwa kwako ni mwingine: huyo mwenye lebo ya kufanana akitangulia kuomba usajili, wewe ndiye utakayeanza kujitetea. Kaangalie leo kwenye mfumo kama kuna ombi. Maombi yanatangazwa kwenye jarida kabla ya kusajiliwa ili wenye pingamizi wapinge, na muda wa kupinga una kikomo. Pia usajili wa Bara hauendi Zanzibar. Kule kuna wakala wao, BPRA, unaomba upya. Kwa kuwa mzigo wako unapanda boti kila wiki, usiache.

Kusanya risiti zako za zamani za kuchapisha lebo. Tarehe zilizomo zina thamani kuliko unavyodhani.

Pilipili ya Chupa

Risiti za kwanza kabisa ninazo, mchapaji yuko hapa hapa Tanga. Natafuta wakili kesho.

Mzee wa Vifaranga

Nimemtafuta yule bwana kwenye e-Wakili. Hayumo.

Kijana wa Msimbazi

Dah, mzee. Basi ndiyo hivyo, alikuwa kishoka.

Mleta uzi, na mimi nina langu. Kuna shule moja naipelekea sare, wananidai... samahani, NAWADAI milioni sita, mwaka wa pili sasa. Mhasibu wao kila siku "njoo mwisho wa mwezi". Kumburuza mtu mahakamani naogopa, ni mteja mkubwa. Nifanyeje?

Mhasibu wa Mtaani

Umekuja kwenye eneo langu. Deni la mkataba lina muda wa miaka 6 kulidai mahakamani, kwa hiyo bado hujachelewa, lakini usiuchezee huo muda. Hatua ya kwanza isiwe ya vita. Andaa karatasi inayoitwa taarifa ya deni, orodhesha ankara zote kwa tarehe na namba, chini uandike "tunathibitisha kuwa deni hili ni sahihi", mwombe mhasibu wao asaini na kugonga muhuri "kwa ajili ya kufunga hesabu za mwaka". Wahasibu tunasainiana hizo kila siku, hawezi kushtuka. Deni likikiriwa kwa maandishi na sahihi, ile miaka 6 inaanza kuhesabiwa upya, na siku mkifika mbele ya hakimu hakuna tena "sare zilikuwa mbovu" au "tulishalipa".

Wakishindwa kulipa baada ya hapo, barua ya madai iliyo kwenye karatasi ya wakili. Barua tu. Wakuu wa shule wengi wanaiheshimu barua hiyo kuliko simu zako mia, kwa sababu lazima waipeleke kwenye bodi. Wakili atakuchaji kiasi cha kuandika barua, si cha kesi.

Na kwa mzigo unaofuata, usitoe sare bila oda ya maandishi yenye tarehe ya malipo na tozo ya kuchelewa.

Wakili wa Dodoma

Nimekubali, mhasibu. Niongeze moja kabla sijatoka, kuhusu TRA, maana wengi wanatujia siku ya 40. Ukiletewa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, pingamizi linawasilishwa ndani ya siku 30 tangu ulipopokea, na unatakiwa kulipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kipi ni kikubwa. Kama theluthi huna, unaomba msamaha wa hilo sharti kwa Kamishna. Ukikaa kimya, makadirio yanakuwa deni. Ile bahasha mfungue siku hiyo hiyo, hata kama mkono unatetemeka.

Kijana wa Msimbazi

Nimepiga skrini shoti ya taarifa ya deni. Swali la mwisho: nikienda kwa wakili mara ya kwanza nibebe nini? Sitaki kwenda kukaa tu nahadithia huku saa zake zinahesabika.

Wakili wa Dodoma

Swali zuri kuliko yote. Beba karatasi zote, hata zile unazoona hazina maana, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Namba ya TIN, leseni, cheti cha jina au kampuni. Meseji usizifute na simu usiibadilishe mpaka umezihifadhi. Andika nusu ukurasa nyumbani: nani, lini, kiasi gani, mlikubaliana nini, unataka iishe vipi. Hilo la mwisho watu hawalijui hata wao wenyewe, tunatumia nusu saa kulitafuta. Na kama kuna jambo linalokuaibisha humo ndani, liseme mwanzo. Mimi nafungwa na siri ya mteja, lakini sipendi kulisikia kwa mara ya kwanza kwa wakili wa upande wa pili.

Mkataba utakaopewa uwe wa Kiswahili kama ndiyo lugha mnayoielewa wote wawili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kusaini Kiingereza usichokisoma.

Mama Vitenge

Wifi amekubali twende wote. Ametaka wakili awe mwanamke. Yupo wa Ilala mnayemjua?

Mhasibu wa Mtaani

Mama, humu tusitajane majina. Nakutumia PM, ila umwangalie kwenye e-Wakili kwanza, hata kama mimi ndiye niliyekuelekeza.